Angélique: muvi tano, na kila ukisogea mbele dada anapunguziwa kazi

Watu wengi ukiwatajia muvi ya zamani ya Kifaransa wanawaza mtu kakaa dirishani anavuta sigara nusu saa bila kusema neno, na zipo za hivyo sikatai, ila kuna upande mwingine kabisa wa sinema za Wafaransa ambao ni farasi, panga, sumu, magauni mazito, mapenzi na jamaa anaruka kutoka ghorofani huku kofia bado iko kichwani. Huko ndiko mimi nilikohamia siku hizi, usiku kucha YouTube na sabtaito, na leo nataka niongelee familia moja tu ya muvi hizo, zile za Angélique, kwa sababu nina dukuduku nalo na hakuna mtu nyumbani anataka kunisikiliza tena.

Kwanza mjue hizi muvi zimetokea wapi. Wafaransa walikuwa na tabia yetu ileile ya hadithi za magazetini, unasoma kipande, pale kwenye utamu unakuta "itaendelea" unabaki unasonya. The Three Musketeers ya Alexandre Dumas, ambayo karibu kila mtu kaisikia, ilitoka hivyo hivyo gazetini mwaka 1844, na Monte Cristo ikafuata mwaka huohuo kwenye gazeti lingine. Paul Féval naye akaja na Le Bossu, stori ya mpiga upanga anayejifanya kibiongo ili alipize kisasi, 1857. Wasomi walikuwa wanazibeza kabisa hizo stori ila watu wa kawaida walizila kama mkate wa moto, na sinema ilipokuja ikazichukua zote, Le Bossu peke yake imeigizwa mara kibao, ya Jean Marais ya 1959 na ya Daniel Auteuil ya 1997 ndizo zinazotajwa sana. Kwahiyo miaka ya 60 ilipoanza Wafaransa walikuwa tayari na mafundi wa hii kazi, mmoja wao Bernard Borderie, ambaye mwaka 1961 alishatoa Musketeers yake. Huyo ndiye aliyekabidhiwa Angélique, ambayo nayo imetoka kwenye riwaya.

Zipo tano, zote za kwake, kila mwaka moja: Angélique, Marquise des Anges mwaka 1964, Merveilleuse Angélique 1965, Angélique et le Roy 1966, Indomptable Angélique 1967 na Angélique et le Sultan 1968. Ufaransa, Italia na Ujerumani Magharibi waliweka hela pamoja. Staa ni Michèle Mercier, dada wa Nice aliyeanza kama mcheza dansi, na mume wake kwenye stori ni Robert Hossein. Zilipendwa vibaya mno, sio Ufaransa tu, mpaka Urusi ya wakati ule wa Wasovieti watu walijaa kwenye kumbi, na huku muvi zenyewe zina wafalme na makasri kila kona sijui makomredi walizipitishaje.

Stori sasa. Tuko karne ya 17, mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, bado kijana. Angélique ni binti wa baron mmoja huko Poitou, magharibi mwa Ufaransa, baron jina tu, nyumba inavuja, watoto wamejaa, hela hakuna. Akiwa bado msichana mdogo anasikia kwa bahati mbaya wakubwa wanapanga kumwekea mfalme sumu, anaiba kile kijisanduku cha sumu anakificha, na hicho kijisanduku kitamfuata maisha yake yote. Kisha anaozeshwa kwa Joffrey de Peyrac, bwana mkubwa wa Toulouse ambaye hajawahi hata kumwona, tajiri wa kutupwa, kamzidi umri mbali, anachechemea mguu mmoja na usoni ana makovu. Binti kauzwa, tuseme ukweli, ila kwa lugha ya heshima inaitwa ndoa, na anafika Toulouse moyo umevimba kwa hasira.

Hapa ndipo Hossein anafanya kazi ambayo mimi namvulia kofia. Walimbandika kovu refu shavuni, na angeweza kuigiza kama jitu baya linalosubiri kupendwa, lakini yeye hafichi upande wenye kovu, anakugeuzia uso wote anakuangalia kwa macho yaleyale ya mtu anayejua anachokijua, na mguu wake mbovu anautembeza taratibu kama vile ni watu wengine ndio wana haraka isiyo na maana. Halafu hamgusi mke wake. Anamwambia atasubiri mpaka yeye mwenyewe atake. Mwaka 1964 hiyo! Mimi nimeangalia tamthilia za juzi tu hapa ambazo mwanaume anambeba dada kwa nguvu halafu muziki wa violini unaingia eti mapenzi.

Na kinachomgeuza Angélique sio hela wala mashairi, ni akili. Peyrac ni mtu wa sayansi, ana maabara yake, anatoa dhahabu kwenye mawe ambayo kwa macho huoni dhahabu yoyote. Jiwe linasagwa, linayeyushwa pamoja na madini ya risasi, ile risasi ndiyo inabeba dhahabu, halafu unaichoma risasi mpaka iishe na chini linabaki tone dogo linang'aa. Mtu wa Geita hapo hahitaji sabtaito. Lakini mtawa mmoja anayejiona mjuzi akiangalia kitu hichohicho yeye anaona uchawi, na huo "uchawi" ndio utakaomponza Peyrac baadaye mahakamani. Sasa mnajua kwanini hiyo habari ya madini imekaa vizuri hivyo? Kwa sababu riwaya zenyewe zilitoka kwa majina ya mke na mume, na mume alikuwa mtaalamu wa miamba kweli. Nitawarudia hao, subirini.

Mfalme anapita Toulouse akiwa njiani kwenda kuoa binti wa mfalme wa Hispania (hiyo ndoa ni ya kweli, Saint-Jean-de-Luz, Juni 1660), anakaribishwa kwa karamu ambayo yeye mwenyewe hana uwezo wa kuiandaa, na hapo ukimwangalia Jacques Toja anayeigiza Louis utaona kabisa tabasamu linabaki mdomoni ila macho yameshaondoka. Haupiti muda Peyrac anakamatwa, anashtakiwa uchawi, na hukumu ni kuchomwa moto Place de Grève pale Paris.

Watu wanasema stori za hivi ni chumvi tupu. Haya, sikilizeni hii ya kweli. Tarehe 17 Agosti 1661 waziri wa fedha wa Ufaransa, Nicolas Fouquet, alimwalika mfalme nyumbani kwake Vaux-le-Vicomte, kasri jipya, bustani, maigizo, fataki, kila kitu. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo alikamatwa Nantes. Kesi ilivutwa miaka 3, mahakimu wakaamua afukuzwe nchini, mfalme akaona hiyo ndogo, akaigeuza mwenyewe kuwa kifungo cha maisha, na Fouquet akafia gerezani Pignerol mwaka 1680. Mbunifu wa ile nyumba, mtu wa bustani na mchoraji wake wote wakachukuliwa kwenda kumjengea mfalme Versailles. Na afisa aliyetumwa kumkamata alikuwa d'Artagnan, yuleyule, maana d'Artagnan alikuwa mtu kweli kabla Dumas hajamfanya hadithi. Kwahiyo Peyrac ni wa kubuni, ila wivu uliomwangusha umetoka kwenye makaratasi ya historia.

Mumewe akishachomwa (anachelewa kufika, anasukumana na watu barabarani mpaka anaona moshi), Angélique anaangukia kwa wezi na ombaomba wa Paris, ambako mkuu wao anakuja kuwa Nicolas, kijana aliyekua naye kijijini. Kamcheza Giuliano Gemma, ambaye wazee waliokuwa wanaangalia muvi za makauboi wa Kitaliano watamkumbuka. Hapo ndipo anapewa hilo jina la Marquise des Anges, na ndipo muvi ya kwanza inapoishia.

Ya pili kwangu ndiyo tamu kuliko zote ingawa sio watu wengi watakubaliana na mimi. Dada yuko chini kabisa, ana watoto, jina la mume limefutwa, na anaanza kutafuta riziki. Anaingia kwenye mgahawa ambao biashara imelala, anaunyanyua, unakuwa sehemu ambayo mji mzima unaitaja, kisha anahamia kwenye chokoleti, kinywaji ambacho Paris ndio kwanza wanaanza kukionja. Na hiyo nayo ina mguu kwenye ukweli, kibali cha kifalme cha kuuza chokoleti Ufaransa kilitolewa mwaka 1659 kwa bwana mmoja anaitwa David Chaillou. Yani muvi ya mapenzi ya miaka ya 60, na mhusika mkuu anawaza leseni, mtaji na wateja! Anarudi juu kwa jasho lake mpaka anakanyaga tena jumba la mfalme. Kuna Jean Rochefort pia humo, anacheza Desgrez, mwanasheria aliyemtetea mumewe akageuka askari, uso mkavu, anampenda yule dada na hasemi, kila akitokea mimi nasogea karibu na skrini.

Basi kuanzia hapo anza kuangalia Angélique anafanya nini. Ya tatu: mfalme anamtaka, anamtuma kwa balozi wa Uajemi, balozi naye anamtaka, na habari inavuja kwamba Peyrac hakuchomwa, aliyechomwa ni maiti ya mtu mwingine. Magauni ni balaa, lakini kazi yake kubwa humo ni kukataa wanaume. Ya nne: anapanda meli kumtafuta mumewe Mediterania, anatekwa na maharamia, anauzwa mnadani Candia, kisiwani Krete, anayemnunua anaitwa Rescator ambaye (kaa chini) ndiye mumewe. Wanaonana, meli inaungua, anaibwa tena. Ya tano: yuko Moroko kwenye nyumba ya wanawake ya sultani, anasubiri kuokolewa. Yule aliyefungua biashara Paris sasa hivi anabebwa tu kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na kila anayembeba nguo inapungua.

Nikamlalamikia shangazi yangu wa Bujumbura kwenye WhatsApp, maana yeye kasoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza na hivyo vitabu anavyo kabatini, majalada yameshabanduka. Akanitumia voice ndefu akicheka, "Mwanangu, usimlaumu Angélique, mlaumu mwenye kamera. Kwenye kitabu Moroko hakuja mume." Na ni kweli bwana. Kwenye riwaya anatoroka yeye na mateka mmoja anaitwa Colin Paturel, kwa miguu, jua, kiu, nyoka, wenzao wanakufa njiani mmoja mmoja, mpaka wanafika Ceuta, mji wa Wahispania. Peyrac hata hajui. Wanakuja kukutana vitabu vya mbele huko. Borderie akaona hapana, watu wamelipia tiketi waone Hossein na Mercier wanakumbatiana, akamleta mume na meli yake, basi ikaisha hivyo.

Halafu hiyo Moroko yenyewe! Meknes ya Moulay Ismail ilikuwa mji wa kweli na sultani wa kweli, katawala 1672 mpaka 1727, kajenga kuta ambazo mpaka leo watalii wanazipiga picha. Kwenye muvi imebaki mapazia, mijeledi na wanawake wamelala kwenye mito. Msimamizi wa wale wanawake, Osman Ferradji, kapewa Jean-Claude Pascal, kijana wa Paris kabisa. Angalau sultani wamempa Ali Ben Ayed, mwigizaji mkubwa wa jukwaani wa Tunisia, na jamaa anajitahidi kuwa na heshima katikati ya mambo ambayo hayana heshima. Hapo uvumilivu wangu uliisha, niliimaliza huku nakunja nguo.

Kitabu kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachoniuma, Angélique se révolte, kimetoka 1961, yani kilikuwepo mezani kabla hata muvi ya kwanza haijapigwa. Humo Angélique amerudishwa Poitou, mfalme kamfungia kwenye kasri lake mpaka atubu, askari wanakuja, wanafanya unyama ambao sitausimulia hapa, mtoto wake mdogo anauawa, na huyu mama anainuka anaongoza jimbo zima kumwasi mfalme. Wanashindwa, sawa, lakini kwanza wanapigana. Na hao askari sio wa kubuni, mwaka 1681 huko huko Poitou serikali ilikuwa inawapeleka wanajeshi walale kwenye nyumba za Waprotestanti, wale chakula chao, wavunje vitu, wapige watu mpaka familia ibadili dini. Muvi ya huo uasi haikutengenezwa. Na walipojaribu upya mwaka 2013, Ariel Zeitoun akiongoza, Nora Arnezeder akiwa Angélique na Gérard Lanvin akiwa Peyrac, nao wakabaki kwenye mwanzo ule ule wa ndoa na kesi ya uchawi. Sikuichukia lakini imepooza, Lanvin anaonekana kama mtu aliyeitwa ofisini siku ya likizo.

Sasa nirudi kwa yule mke na mume. Mwandishi ni Anne Golon, jina la kuzaliwa Simone Changeux, Toulon, 1921. Baada ya vita alipata tuzo ya uandishi, hela akaitumia kuja Afrika kuandika ripoti, na huko Congo ya Wafaransa, ambayo leo ni Congo-Brazzaville, akakutana na Vsevolod Goloubinoff, Mrusi mzaliwa wa Bukhara, mtaalamu wa miamba, ambaye ndiye anajulikana kama Serge Golon. Wakaoana, wakarudi Ufaransa hali ya hela sio nzuri, wakakaa Versailles, na Anne akawa anashinda kwenye maktaba ya pale anachimba karne ya 17 mwaka baada ya mwaka. Serge alisaidia utafiti, ila aliyekuwa anaandika ni Anne. Wachapishaji wakaona historia inauzika zaidi ikiwa na jina la mwanaume, wakayaweka yote mawili, na huko kwa Waingereza wakafika mbali zaidi, wakayagandisha yakawa mtu mmoja, "Sergeanne Golon", mtu ambaye hayupo. Serge alifariki Quebec 1972. Anne akaendelea kuandika peke yake mpaka kitabu cha 13 mwaka 1985, na akaja kuingia kwenye kesi ndefu na kampuni ya uchapishaji juu ya haki na malipo ya vitabu vyake, amezeeka tayari, hana hela, wakati mabango ya Angélique yamezunguka dunia nzima. Mwisho haki zilirudi kwake. Alifariki tarehe 14 Julai 2017, siku ambayo Wafaransa wanakumbuka kuvamiwa kwa gereza la Bastille, mwanzo wa mapinduzi yaliyowaangusha wafalme wao, sijui nani alimpangia.

Michèle Mercier naye hakupona. Kabla ya hapo alishaigiza kwa mwongozaji Truffaut, Tirez sur le pianiste ya 1960, na yuko vizuri sana humo, mtulivu, anaaminika. Baada ya Angélique kila mwongozaji alimwona Angélique tu. Mwaka 2002 akatoa kitabu cha maisha yake, jina lake Je ne suis pas Angélique, mimi sio Angélique, na ukiangalia muvi ya kwanza unaelewa kwanini kumtoa kichwani ni kazi, maana kuna sekunde chache pale karamuni Toulouse ambapo anagundua kwamba ameanza kumpenda mume wake, hasemi kitu, anashusha tu feni yake ya mkononi pole pole hadi mapajani, na ile hasira aliyofika nayo unaiona inatoka usoni.

Wafaransa sasa hivi wamerudi tena kwa hizi stori kwa nguvu. Musketeers mbili zilitoka mwaka 2023, halafu Monte Cristo ya Pierre Niney mwaka 2024 ikauza tiketi zaidi ya milioni 9 Ufaransa peke yake. Hela ipo, farasi wapo, watazamaji wapo. Hivyo vitabu vya kati vya Golon viko palepale, kuanzia uasi wa Poitou mpaka La Rochelle na safari ya Amerika, na mwanamke anayefanya mambo badala ya kufanyiwa. Shangazi anasema wakitengeneza atakuja Dar tuangalie wote kwenye skrini kubwa, ila kasema mapema kabisa, wakimleta tena mume na meli yake kule Moroko yeye anatoka anaenda kunywa chai.

Kwa anayetaka kuanza: ya kwanza na ya pili angalia zote bila kuruka. Ya tatu angalia ukiwa na mtu anayependa nguo. Ya nne ina mnada na moto, inatosha kwa Jumapili. Ya tano, kama una nguo za kukunja.